Kaunta ya Mninga

Debora tulimzika Makutupora Jumamosi iliyopita, upande wa chini wa shamba lake la zabibu, pale alipotaka mwenyewe. Upepo ulikuwa mkali, vumbi likimwingia mchungaji mdomoni kila alipotaja jina la marehemu, na wanawake wa kanisani kwake walizishika khanga zao kwa meno zisipeperuke. Mimi nilisimama nyuma kidogo na ushungi wangu, nikiitikia nyimbo ninazozijua nusunusu. Baadaye, tukiwa tunakula wali kwenye sahani za bati, binti yake mkubwa alinisogelea akaniuliza, "Mama mdogo, hivi wewe na mama mlijuana wapi? Kila nikimuuliza alikuwa anasema kazini, basi." Nikamjibu vilevile, kazini. Watu walikuwa wengi na yeye alikuwa na macho ya kulia tangu alfajiri. Lakini tangu nirudi mjini nimekuwa nikikaa na daftari hili mezani, na nimeona niuandike ule mwaka mmoja, kwa sababu wa kuusimulia tulikuwa wawili na sasa nimebaki peke yangu.

Habari za ukoo naziacha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa na Rajabu, na tulikuwa na hoteli ya chai katika mtaa mmoja wa zamani hapa Dodoma, si mbali na reli. Kilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye meza chache, jiko la uani, na katikati kaunta ambayo tuliikuta, imeachwa na mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa humo kabla yetu. Ilikuwa ya mninga mtupu. Ubao wa juu ulikuwa na unene wa ngumi, na mtu mzima angeweza kulala juu yake akanyoosha miguu na nafasi ikabaki. Viwiko vya watu vilikuwa vimeilainisha hadi inang'aa bila vanishi. Asubuhi maandazi yalipokuwa yanaiva na supu ya utumbo inachemka uani, wanaume walijipanga pale wakizungumza juu ya mvua iliyogoma, bei ya mtama, na treni iliyochelewa. Debora alikuwa akija na mfuko wake wa zana begani. Alikuwa fundi seremala, mwanamke pekee niliyepata kumwona katika kazi ile, Mgogo wa Makutupora, mkubwa wangu kwa miaka kadhaa. Wanaume walimtania, naye alikunywa chai yake akiwa amesimama, akiigonga kaunta kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi. "Siku mkiiuza hii, mniambie mimi kwanza," alikuwa akisema. Rajabu alimjibu asubiri wajukuu.

Rajabu aligongwa na lori barabara ya Chamwino wakati wa mvua. Waliniletea viatu vyake na shuka lililofungwa. Nikakaa eda katika chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama jikoni, na kwa miezi ile nilijifunza kuyajua maisha ya hoteli kwa masikio tu. Sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Shabani, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa amehamia kusimamia, kama alivyosema. Alikuwa mtu mrefu, mzuri wa sura, mwenye sauti ya upole hata anapotukana. Siku moja nilimsikia akimwambia mteja, "Hoteli ni yetu, na mke naye tunaye humohumo ndani." Mteja akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, na nakumbuka nilikiweka chini polepole sana, kana kwamba kikipiga kelele watajua nimesikia. Eda ilipokwisha alikuja na wazee akataka anioe. Nikasema sitaki. Shehe aliyekuwapo akasema neno langu limetosha, mjane halazimishwi. Shabani hakubisha. Aliivua kofia yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Niliwahi kuwaona watu wakipiga kelele kwa hasira, na hawakunitisha kama kofia ile.

Alikuja alasiri ya siku chache baadaye, na wanaume wawili wa kubeba magunia sokoni. Yeye ndiye aliyeshika shoka. Ndani walikuwamo wazee wawili tu wanakunywa kahawa, na aliwaomba radhi kabla ya kuwaambia watoke. Kisha akaniambia, "Shemeji, kusanya nguo zako." Nikamwambia siendi popote, hapa ni kwangu na kwa Rajabu. Akaanza na meza. Alizipasua moja moja bila haraka, huku wenzake wakivunja vikombe na kumwaga birika la chai iliyokuwa inachemka, mvuke ukajaa chumba. Nilipoona amenigeukia mimi niliingia chini ya kaunta, mahali tulipokuwa tukiweka unga, nikajikunja. Pigo la kwanza lilitua juu ya kichwa changu, nikahisi meno yangu yanagongana. La pili vilevile. Ubao haukupasuka. Akazunguka mbele, ambako mbao zilikuwa nyembamba, na pigo la tatu ncha ya shoka ilitokeza ndani, mbele ya jicho langu, ikanichana shavu. Ikanasa. Nilimsikia akihema, akivuta, akiupiga teke ubao ili ajipe nguvu. Bado nina alama hapa shavuni, wajukuu huiita ndui. Nilitambaa nikatokea mlango wa uani, na mmoja wa wale wapagazi akanipiga na kigoda begani. Mfupa wa mtulinga ulilia kama kijiti kikavu.

Nilikimbia mtaani nikiwa na unga kichwani na damu kifuani. Niliona madirisha yakifungwa, ya watu niliowapikia vitumbua miaka miwili. Debora alikuwa akitengeneza mlango nyumba ya tatu. Alitoka na nyundo yake ya mti mkononi, akanitazama, akauliza neno moja tu. "Nani?" Nikamwambia shemeji. Hakunituliza wala hakunishika. Alikwenda akasimama kwenye mlango wa hoteli, amejaa mlango mzima, na wale watu walipomwona na nyundo yake wakaona kazi imekwisha. Shabani alipopita karibu yangu alisema kwa sauti yake ileile ya upole, "Bado, shemeji." Kituoni nilikokwenda kutoa taarifa, askari aliyekuwa zamu alisikiliza hadi mwisho, akaniambia mambo ya familia hayana mwisho mzuri yakifika pale, tukayamalize nyumbani. Wakati huo bega langu lilikuwa limevimba hadi sikio.

Kesho yake Debora alikuja na mkokoteni na wabeba mizigo. Katika chumba kile kila kitu kilikuwa kuni isipokuwa kaunta. Ilikuwa na majeraha, shoka limechomolewa na kuacha mdomo wazi, lakini ilikuwa imesimama. "Hii inakwenda kwangu Makutupora," akasema, "nina kazi ya mtu anataka meza na mabenchi ya bustani. Na wewe panda juu yake. Huwezi kubaki hapa." Nikamuuliza nitakula nini huko. Akasema, "Tunachokula sisi." Nikapanda. Hivyo ndivyo nilivyoondoka mjini, nimekaa juu ya kaunta yangu kama bibi harusi, mkono umefungwa shingoni kwa khanga, hadi barabarani tulikopata lori linalokwenda kubeba zabibu.

Walichokula wao kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na msimu ukiwa mzuri, zabibu zilizopondeka ambazo wanunuzi wamezikataa. Nyumba ilikuwa ya tofali za udongo, vyumba viwili, na uani kibanda cha kazi chenye harufu ya gundi na maranda. Mama yake Debora, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alinikanda bega kwa maji ya moto kila jioni, akizungumza nami Kigogo kana kwamba nitaelewa, na baada ya muda nikawa naelewa. Vibarua wa mashamba ya jirani walipita njia ya nyuma ya kibanda, na niliwasikia wakisema, "Yule mjane wa mjini, huyo aliyekatwa uso." Wengine walisema shemeji yangu anaulizia kila mahali. Mama yake Debora naye alikuwa na hofu. Niliwasikia wakibishana jikoni, mama anasema mtu huyo ataileta damu hadi hapa, na Debora anamjibu, "Ikija tutaifuta, mama. Kwani ukuta huu haujawahi kuona damu?" Ndipo nilipojua kwamba mume wa zamani wa Debora alikuwa mtu wa ngumi, na kwamba Debora ndiye aliyemfukuza, peke yake, kwa nyundo ileile.

Mfupa ulipoanza kuunga alinipa kazi. Tuliing'oa kaunta msumari kwa msumari. Mimi nilifanya kazi kwa mkono mmoja, nikinyoosha misumari iliyopinda kwa kuigonga juu ya jiwe, yeye akikata. Ubao wa juu ulikuwa wa meza. Mbao za mbele na za ubavuni zilikuwa za mabenchi mawili. Miguu alitaka iwe magogo ya mwarobaini yaliyoachwa na gome lake, kwa sababu mwenye kazi alitaka vitu vya kishamba, visivyopigwa randa sana, vya kukaa nje chini ya mizabibu wageni wake wanywe divai. Miguu tuliichovya kwenye oili chafu ya magari ili mchwa wasiiguse. Mikono yangu ilinuka oili hadi kwenye ugali. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi inayochosha hivyo, na nilikuwa sijawahi kulala vizuri hivyo.

Mwenye kazi alikuwa mzee aliyestaafu serikalini, aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni karibu na barabara. Wote tulimwita Mstaafu. Alikuja siku moja kuangalia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye ubao wa meza. Alipitisha kidole ndani ya pigo la shoka, la kwanza na la pili. "Hii ni nzuri sana," akasema. "Ndicho wanachopenda wageni siku hizi, kitu kiwe na maisha yake. Msiizibe. Ila alama zimebanana upande mmoja. Hamuwezi kuongeza nyingine, zikasambaa?" Debora alinitazama. Mimi nilikuwa nimekaa chini na kipande cha msasa mkononi, kovu langu likiwa bado jekundu. Nikamwambia Mstaafu tutaongeza. Alipoondoka Debora aliingia ndani akatoka na shoka, akaniwekea miguuni, akasema, "Sitafanya mimi." Nikalinyanyua kwa mkono mzima. Pigo la kwanza liliteleza. La pili liliingia. Baada ya hapo sikumbuki vizuri, ila najua nilikuwa napiga kelele, na kila nilipopiga nilikuwa nauona uso wa Shabani, naisikia sauti yake, naiona kofia yake ikikunjwa, viatu vya Rajabu, yule askari, yale madirisha. Mama yake Debora alitoka jikoni akaniangalia, akarudi ndani. Debora alinisubiri hadi nikachoka, akaniondolea shoka mkononi, akasema ubao wa mabenchi tuuache kama ulivyo, mapigo aliyoomba Mstaafu ni ya meza tu.

Shabani alikuja mchana wa jua kali, msimu wa kuchuma ukiwa umeanza na mashamba yamejaa watu. Tulikuwa tumeitoa meza nje tunaipaka vanishi. Alitokea nyuma ya kibanda na panga, peke yake safari hii, amekonda, ndevu zimemwota ovyo. Nadhani alitaka kuniua na kisha akae chini asubiri lolote, maana hakuwa na uso wa mtu anayepanga kukimbia. Alisema, "Shemeji, umenidhalilisha mji mzima." Akanyanyua panga. Debora aliingia katikati, akalidaka kwa mkono wa kushoto kama mtu anayezuia tawi. Niliona vidole viwili vikianguka kwenye maranda. Hakupiga kelele. Mimi niliokota kilichokuwa karibu, mguu wa benchi ambao ulikuwa haujafungwa, gogo zito la mwarobaini, nikampiga Shabani gotini kwa nguvu zangu zote, nikalisikia goti linavunjika. Alipoanguka nikampiga tena, mbavuni, na tena, na panga likamtoka. Mama yake Debora ndiye aliyepiga yowe.

Makutupora yote ilikuja. Walitoka katika mizabibu na mikasi ya kuchumia, na miti ya kuegeshea mizabibu, na mawe. Walipoona mkono wa Debora hawakuuliza kitu. Shabani alikuwa amejiburuta chini ya meza, na mawe ya kwanza yalimpata miguu iliyobaki nje. Zakayo, nyapara wa vibarua, alifika na galoni la petroli la mashine ya maji. Nami niseme ukweli, nilikuwa nalitazama lile galoni kwa hamu. Ndipo Debora, ambaye nilidhani atazimia, alipoufunga mkono wake kwa khanga ya kiunoni, akapanda juu ya meza, akakaa. Akaniambia, "Mwaju, njoo ukae." Nikapanda nikakaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, miguu yetu ikining'inia kila upande kuwazuia watu. Nilikaa kwa sababu yeye alikaa. Sikuwa na sababu nyingine.

"Dada Debora, shuka," Zakayo akasema.

"Sishuki."

"Amekukata mkono."

"Mkono ni wangu, Zakayo."

"Huyu ni muuaji. Tukimwacha leo atarudi."

"Hapa ni kwangu. Mama yangu anapika hapa. Hamtamchoma mtu hapa."

Mtu mmoja nyuma alitupa jiwe, likanipiga begani, sijui kama lilikuwa langu au la Shabani. Jingine liligonga ubao. Zakayo aliimwaga petroli kwenye mguu mmoja wa meza, harufu ikapanda, ikanichoma macho. Debora akamwambia, bila kupandisha sauti, "Basi washa. Utatuchoma watatu. Na mimi ndiye niliyemtengenezea binti yako kitanda." Chini yetu nilikuwa namsikia Shabani anavyohema, pumzi inapanda na kushuka ndani ya ubao kama mnyama aliyefungwa. Alikuwa analia. Damu ya Debora ilikuwa imepita kwenye khanga inachuruzika katika yale mapigo ya shoka niliyoyachonga mimi, ikifuata njia zake hadi ukingoni, ikimdondokea mtu aliyemkata. Nilitamani ashuke, na niliogopa akishuka. Hatukushuka. Tulikaa hadi jua likahama upande wa pili wa kibanda, hadi mwenyekiti wa kijiji alipoweza kufika na askari kutoka mjini, nao walimvuta Shabani kwa makwapa kutoka katikati ya miguu yetu. Zakayo alikuwa ameshaketi chini, galoni magotini, amejiinamia.

Safari hii hakuna aliyesema ni mambo ya familia. Nilitoa ushahidi mahakamani, nikaonyesha shavu na bega, na Debora akauweka mkono wake juu ya meza ya hakimu bila kuambiwa. Shabani alifungwa miaka mingi. Debora alijifunza upya kushika patasi kwa vidole vitatu; miezi ya kwanza alikuwa akiitupa ukutani na kutukana Kigogo, na mama yake akiiokota. Nilikuwa mikono yake hadi alipoweza, na kufikia wakati huo nilikuwa nimeshakuwa fundi. Mstaafu aliichukua meza. Alitaka kujua kwa nini mbao zimeingia weusi ndani ya yale mapigo, Debora akamwambia ni mninga, ndivyo ulivyo, na akatulipa. Nilikaa Makutupora hadi mavuno yaliyofuata, kisha nikarudi mjini nikafungua karakana yangu, na watu wa bustani na nyumba za wageni wananijua hadi leo.

Miaka mingi baadaye, nilikuwa nimepeleka mabenchi Chamwino, mtu mzima mwenye fimbo na mguu usiokunjika akanijia. Sikumtambua hadi aliposema shemeji. Nikatafuta kwa macho kitu cha kushika. Alisimama mbali, akijua. Hakuomba msamaha, na nilimshukuru kwa hilo, maana sikuwa nao. Aliuliza swali moja tu, ambalo kwa miaka yote ile gerezani alikuwa analifikiria: kwa nini tulikaa pale juu. Nikamwambia mimi sijui, akamuulize Debora. Sikudhani angekwenda. Alikwenda.

Debora aliniambia habari hiyo wiki iliyofuata, tukiwa tunapiga msasa, kama anayesimulia mvua ya jana. Alisema alimwona anakuja kwa mbali akichechemea, akaiweka nyundo karibu, akamsubiri.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia nilikuwa nimekatwa mkono, nimechoka, nilitaka pa kukaa."

"Basi?"

"Basi. Ningemwambia nini kingine? Mimi mwenyewe sijui."

"Naye akafanyaje?"

Debora alipuliza vumbi la mbao, akaupapasa ubao kwa vidole vyake vitatu kuona kama umelainika.

"Akaomba maji ya kunywa," akasema. "Nikampa."